Celestin na Makabidhiano ya Ghala la Stesheni

Lile jengo refu la bati nyuma ya stesheni ya Mpanda halikujengwa na Wajerumani. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka. Kila mgeni anayeshuka kwenye treni na kuuliza, hakosi mtu wa kumwambia kwamba ni la Wajerumani, kwamba limetelekezwa, na kwamba ukipita karibu unasikia mtu anakohoa ndani. Wajerumani waliondoka kabla mama yangu hajavunja ungo. Jengo lile lilijengwa mwaka 1975, msingi wake ulichimbwa nikiuona kwa macho yangu, na anayekohoa ni mume wangu. Tena hakohoi ndani. Anakohoa nje, pale kwenye ngazi, kwa sababu vumbi la mahindi lilimwingia kifuani miaka kumi na tano na halijatoka.

Jina lake Celestin, mtu wa Usevya, Mpimbwe kwa baba na kwa mama. Mimi ni Romana, mama yake Lusia. Nilisoma mpaka darasa la nne kwa masista, na mwandiko wangu hadi leo mwaka huu wa 1999 unasomeka kuliko wa karani yeyote wa hapa mjini. Basi nitaandika mwenyewe.

Shirika, ndivyo tulivyoliita, Shirika tu, lilikuwa la serikali na lilinunua mahindi ya wilaya nzima. Malori yalikuwa yanashuka kutoka Mpimbwe, mengine yanatoka Katumba na Sibwesa, na mahindi yote yanasubiri hapa kupanda treni. Kwa hiyo likajengwa ghala. Sakafu yake imeinuliwa ikalingana na sakafu ya behewa, ili kuli atembee moja kwa moja na gunia begani bila kupanda wala kushuka. Milango minne upande wa barabara, minne upande wa reli, yote ya chuma, ya kusukuma pembeni. Magunia elfu thelathini yalikuwa yanaingia mle. Nimeyaona yakiwa yamejaa hadi unapita ubavu ubavu.

Celestin aliingia 1976 kama kuli. Mwaka uliofuata wakampa bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji ambacho unalichoma nacho gunia, kinatoka na punje za katikati, ili mkulima asikuwekee mahindi mazuri juu na uchafu ndani. Kwa bambo alikuwa fundi. Alikuwa anachukua punje moja, anaiuma mbele ya mwenye gunia. Ikivunjika kwa mlio, kavu, pita. Ikibonyea, rudi nyumbani ukaanike. Alimrudisha kaka yake mwenyewe, Wiliam, na magunia kumi na moja, kutoka stesheni mpaka Usevya. Wiliam hakuja nyumbani kwetu miaka miwili. Nikamwambia, "Baba Lusia, hukuona hata aibu?" Akaniambia, "Yalikuwa yanabonyea."

Mwaka 1980 wakamfanya mtunza ghala, wakampa funguo na leja, na hapo ndipo nilipompoteza.

Pale ghalani kulikuwa na desturi. Lundo likishaondoka, wanawake wa mjini wanaingia na mafagio, wanafagia sakafu, na chenga zilizomwagika ni zao. Za kuku, za kimea cha pombe, kila mtu na matumizi yake. Haikuwa siri, meneja mwenyewe alikuwa anawaita. Wake wa makuli walifagia. Wake wa maaskari walifagia. Mimi, mke wa mtunza ghala, sikuruhusiwa kugusa fagio. "Watasema unafagia kwa mkono wangu," aliniambia. Kwa hiyo kuku wa jirani wakanenepa, wangu wakabaki kula panzi. Miaka kumi na moja hiyo.

Mara moja tu niliingia mle kufanya kazi. Mwaka 1986 mahindi yalizidi, magunia mengine yalilala nje, na mdudu yule tuliyemwita Skania akawa anayala huku yanapimwa. Magunia yakatoboka. Wakatafuta wanawake wa kushona. Meneja wa wakati huo, bwana mmoja anaitwa Nashon, akamwambia Celestin, "Kwani mkeo hawezi kushona?" Celestin akaniambia nipange mstari kama wengine. Nikapanga, mume wangu yuko mezani anaandikisha kama hanijui.

"Jina?"

"Unalijua."

"Mama, jina."

"Romana."

Akaandika kwenye leja: sindano ya magunia moja, imetolewa kwa kibarua Romana. Nikatia sahihi. Nikashona wiki saba. Siku ya kurudisha sindano na kusainiwa kuondoka kazini, mimi nilikuwa Usevya kwenye msiba wa shangazi. Niliporudi, msimu umefungwa. Jioni hiyo hiyo, sijafungua hata kanga ya safari, akaninyooshea mkono. "Sindano ya Shirika."

Nilikuwa nimechoka na nina njaa. Nikamwambia, "Nitairudisha siku nitakayoachishwa kazi kwa maandishi." Naye ni mtu wa maandishi, akashusha mkono. Lakini kila mwaka akihesabu mali ya ghala, anaandika tena: sindano moja, iko kwa kibarua Romana. Na kila mwaka ananiangalia.

Mwaka 1991 Shirika likafungwa hapa kwetu. Wafanyabiashara wakaruhusiwa kununua wenyewe, na ghala likawa halina kazi. Bwana Nashon akapakia mizani na mashine ya kuandikia kwenye treni, na kabla ya kupanda akamwambia Celestin maneno ambayo nayasikia hadi leo: "Kaa na funguo. Nitarudi mwezi ujao tufanye makabidhiano."

Sasa nyie mnajua makabidhiano. Anayetoka anahesabu, anayeingia anahesabu, fomu nakala nne, sahihi ya huyu, sahihi ya yule, shahidi chini. Bila hiyo mtu hajaondoka kazini hata kama ofisi yenyewe imeota majani. Celestin aliamini hivyo kama anavyoamini ubatizo. Mwezi uliofuata akavaa shati jeupe akaenda stesheni kupokea treni. Nashon hakushuka. Mwezi mwingine, shati jeupe, treni, hakuna mtu. Baada ya mwaka nikaacha kulipiga pasi lile shati. Akawa analipiga mwenyewe.

Miaka sita alikaa hivyo, na jembe lake la kulima nikalishika mimi na binti zangu. Kila Jumamosi alikuwa anafyeka majani kuzunguka ghala lote, anafagia ngazi, anafukuza mbuzi, anakagua kufuli nane moja moja. Hakufungua hata mlango mmoja. Alikuwa amefunga kila kufuli kwa kamba na lakiri nyekundu, ile nta ya muhuri, na lakiri haivunjwi ila mbele ya anayepokea. Watu waliomba. Wanakwaya waliomba siku moja tu kwa ajili ya harusi. Nkwabi, mfanyabiashara wa ngozi, aliomba chumba cha pembeni. Mgombea mmoja aliomba mahali pa mkutano wakati mvua inanyesha. Wote walipata jibu moja, kwa upole, kofia mkononi: "Makabidhiano hayajafanyika."

Na mimi nikawa mke wa mtu huyo. Sokoni wakiniona wananong'ona, halafu mmoja anajifanya anauliza bei huku anauma midomo asicheke.

Tulikuwa na kikundi chetu mtaani kwetu Shanwe, wanawake kumi na wanne, tukilima pamoja. Kiongozi wetu alikuwa Ng'washi, Msukuma aliyekuja na mume wake na ng'ombe wao miaka ya themanini wakatua Sibwesa, baadaye akahamia mjini. Mwanamke mrefu, ana sauti ya kuita ng'ombe, na anachosema hakitafuni kwanza. Mwaka 1997 tulipata magunia themanini na sita. Tulikataa walanguzi, tukaamua tuyasafirishe wenyewe mpaka Tabora. Mwezi wa kumi tukayapeleka stesheni, tukaambiwa behewa litakuja wiki ijayo. Tukayapanga juu ya magogo, tukafunika na maturubai mawili, moja likiwa limetoboka.

Wiki ijayo ikaja na mvua. Waliokuwepo wanaikumbuka mvua ya mwaka ule. Haikuanza kwa manyunyu kama mvua yenye adabu, ilimwagika tu, kutwa nzima, na kesho yake tena. Siku ya tatu stesheni wakatuambia reli imekatika huko mbele, hakuna treni, na hawajui lini itakuwepo. Magunia yetu yako nje. Na hatua ishirini kutoka hapo, nimezihesabu, limesimama ghala la magunia elfu thelathini, tupu, bati zima halina tundu, na ufunguo uko shingoni mwa mume wangu.

Ng'washi alikuja nyumbani asubuhi, kalowa mpaka mifupani, akasimama mlangoni.

"Shemeji," akamwambia Celestin, "nimekuja kuomba mlango mmoja. Sio minane. Mmoja."

Celestin alikuwa anakunywa uji. Akaweka bakuli chini kwa heshima. "Shemeji, ningekuwa na mamlaka ningekupa yote. Lakini makabidhiano..."

"Huyo Nashon anaweza kuwa ameshakufa."

"Akifa watateua mwingine."

"Nani atateua? Shirika lenyewe limekufa. Wewe unalinda kaburi, shemeji, na hata maua hukuweka."

"Silindi kaburi. Nalinda mali niliyoandikiwa."

Ng'washi akanigeukia. "Mama Lusia, huyu ulimpata wapi? Kwetu mtu kama huyu anapewa ndama achunge, tunamwangalia kwanza."

"Nilimpata Usevya," nikamwambia. "Alikuwa ananyamaza sana, nikadhani ni busara."

Celestin akacheka kidogo, lakini hakuinuka. Ng'washi naye alicheka, halafu kicheko kikamwisha. Akaniambia kwa sauti ya chini, maana alikuwa ananiheshimu, "Gunia la chini nimelipapasa leo. Lina joto. Kesho yatachipua. Wenzetu wanasema ghala ni la kwako na umekataa. Mimi nimewaambia sio kweli, lakini siwezi kuwaambia kila siku." Halafu akarudi mvuani kushika turubai.

Nyie mnaosoma mjue kilichonichoma. Nilikuwa nimelima mahindi yale kwa mikono hii, na sasa naambiwa ndiye ninayeyaozesha. Nikakaa mbele ya mume wangu nikamwambia, "Nielezee hayo makabidhiano. Moja moja."

Akafurahi. Ndivyo alivyo, ukimuuliza utaratibu anafurahi. Akasema anahitajika anayekabidhi, ambaye ni yeye. Shahidi, mtu mzima yeyote mwenye akili timamu. Na anayepokea, ambaye lazima awe mtumishi wa Shirika, wa kudumu au kibarua, aliye kazini.

"Na mtumishi anakuwa hayuko kazini tangu lini?"

"Tangu aliposainiwa kuondoka na kurudisha mali aliyoandikiwa."

"Kwa hiyo wewe uko kazini."

"Niko kazini."

"Lete leja."

Leja ilikuwa ndani ya debe la biskuti juu ya kabati, imefungwa nailoni. Akaileta. Nikamwambia afungue mwaka 1986, wiki ya kwanza ya mwezi wa saba. Sikuhitaji kufikiria tarehe. Mtu akikuuliza jina lako mbele ya watu na wewe ni mke wake, unakumbuka tarehe. Akafungua. Nikaweka kidole.

"Soma."

Akasoma. Sindano ya magunia moja, imetolewa kwa kibarua Romana.

"Nani alinisaini kuondoka?"

Akapitisha kidole kwenye safu ya sahihi, tupu.

"Sindano imerudi?"

Akafunua karatasi za mwaka mwingine, na mwingine, zote kwa mwandiko wake mwenyewe: iko kwa kibarua Romana. Mpaka 1991 Shirika linafungwa, na hata miaka sita iliyofuata, alipokuwa anahesabu peke yake bila kutumwa na mtu, alikuwa ameiandika. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akasoma tena.

"Kama wewe uko kazini," nikamwambia, "na mimi niko kazini. Miaka kumi na moja. Napokea ghala. Vaa shati lako jeupe."

Nilidhani sasa tunakimbia. Sikumjua mume wangu. Alipiga mistari ya fomu kwa rula, nakala nne, karatasi ya kaboni kuukuu inateleza, anaanza upya. Nikasimama mlangoni nikiangalia maji yanapita uani. Nilimwambia, "Celestin," na si kawaida yangu kumwita jina, "mahindi yanachipua." Akasema, "Ndiyo maana nataka niandike vizuri, yasije yakatolewa tena."

Tulipofika, wanawake wote kumi na watatu walikuwa wameshika pembe za maturubai kama wanaoshika kitanda cha mgonjwa. Akavunja lakiri ya mlango namba moja mbele yangu na mbele ya Ng'washi, ambaye tulimwandika shahidi. Akafungua kufuli. Mlango ulikataa, kutu, tukausukuma watu watano, ukalia, ukaenda.

Ndani palikuwa pakavu kama jiko. Sijui nilitegemea nini, labda maji, labda popo. Kulikuwa na vumbi tu, na harufu ya ile dawa ya wadudu, na namba za malundo zilizoandikwa sakafuni kwa chokaa, zinasomeka. Kalenda ya 1991 ukutani. Miaka sita pakavu hivyo, na harusi ya watu ilifanyiwa kwenye tope. Nilitaka kukaa chini nilie kwa hasira, lakini Ng'washi alishafika na gunia la kwanza begani.

"Bado," akasema Celestin. "Hatujahesabu."

Ng'washi akasimama na kilo mia begani. "Shemeji, nitakutupia hili."

"Vichanja mia moja na tisini," akasema mume wangu, akionyesha zile mbao za kupangia magunia, akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Andika mia na tisini, nimekubali," nikasema.

"Nilikabidhiwa kwa kuhesabu. Nakabidhi kwa kuhesabu."

Mvua ilikuwa inapiga bati hata mtu hasikii mawazo yake. Nikaona nikibishana naye tutafika kesho, na nikaona pia kwamba huyu mtu anajua njia moja tu, basi nimpitishe njia hiyo hiyo. Nikamwambia, "Tunakabidhiana mlango kwa mlango. Mlango namba moja, na eneo lake, na vichanja vilivyo mbele yake. Hivyo vingapi?"

Akafikiria. Akahesabu. "Ishirini na vinne."

"Nimepokea." Nikatia sahihi hapo hapo, karatasi juu ya mgongo wa Ng'washi maana meza ilikuwa mbali. Halafu nikasema kama mtunza ghala, "Ingizeni."

Wakaingiza. Mlango namba mbili, vichanja ishirini na sita, nimepokea, ingizeni. Ndivyo tulivyofanya kutwa nzima, yeye anapaza sauti ya namba juu ya mvua, mimi natia sahihi, wenzangu wanapita ubavuni mwetu wakichuruzika maji. Ilifika mahali hata Ng'washi akawa anamuuliza, "Shemeji, hapa pameshakabidhiwa?" kabla hajatua gunia. Alijibiwa vizuri na hakutukana tena.

Alasiri magunia yote yalikuwa ndani. Sitini na moja yalikuwa mazima. Ishirini na matano ya chini yalikuwa yamechipua, tukayagawana tukatengeneza kimea, na pombe ya mwaka ule Shanwe iliimbwa. Yale sitini na moja yalikaa makavu mpaka reli ilipofunguka, Celestin akawa anayachoma bambo kila wiki na kuuma punje, ingawa kazi haikuwa yake tena. Hakuna aliyeniambia tena sokoni kwamba nimeozesha mahindi ya wenzangu.

Lakini siku ile ile, magunia yamekwisha kuingia, Ng'washi ameweka dole gumba kama shahidi, Celestin alikuwa bado amesimama na kalamu. Alikuwa amevua funguo shingoni, ameniwekea mkononi zote nane. Akaninyooshea mkono uleule wa mwaka 1986.

"Imebaki sindano," akasema.

Ilikuwa kwenye nguo yangu, nimeichomeka kifuani, maana nilikuwa nimeshona turubai lililotoboka. Akaiona. Mimi nikaangalia ule mkono, na nikafikiria. Nikirudisha sindano, itabidi anisaini kuondoka kazini. Nikiondoka kazini, aliyepokea ghala ni nani? Tutakuwa tumerudi palepale, magunia yetu ndani na lakiri mlangoni.

"Sindano inabaki kwa kibarua Romana," nikamwambia. "Andika."

Nadhani alifika pale nilipofika, ila yeye alipita njia ndefu. Akaandika.

Kwa hiyo mkiulizwa, lile jengo halijatelekezwa. Mtunza ghala wake ni mimi. Kwenye masika tunaweka mahindi ya kikundi, wanakwaya wameshafanya harusi mbili mle ndani, na wanaofagia chenga ni wanawake wote, nikiwemo mimi. Hakuna mtu wa serikali aliyekuja kuuliza. Akija, fomu ziko nne na anaweza kuhesabu.

Anayenichosha ni yuleyule. Kila Jumamosi asubuhi, kabla sijapakua uji, anakuja kusimama mlango wa jikoni na fyekeo lake na kikohozi chake, kofia mkononi.

"Mtunza ghala, naomba ruhusa ya kufyeka upande wa reli."

"Nenda, Baba Lusia."

Na haendi mpaka nimwandikie.